Nyumba ya Mume wa Mama

Mabawa, Tanga
Jumapili

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua goti lako limepoa, na kile kikohozi kimekuachia? Huku sote wazima, alhamdulillahi, ila mkweo Sabiri kajikata kidole akifungua dafu, na analalamika utadhani kakatwa mkono. Anakuamkia sana. Ningekupigia simu, lakini nakujua, ungenikatia kabla sijafika mwisho.

Mama, tangu bamvua la juzi, maji yalipoingia mpaka jikoni kwako hapo Vanga, sina raha. Nimekuita Tanga mara ngapi? Jibu lako ni lile lile: mama mkwe hakai chini ya paa la mkwewe, Sabiri akuone ukienda kuoga, akusikie ukikoroma, haiwezekani. Ukasema utakuja siku nitakapokuwa na nyumba yangu mwenyewe. Neno hilo nikalishika. Nikashona madera mpaka cherehani ikaomba huruma, na jirani yetu Bi Chiku alipotangaza kuuza nyumba yake ahamie kwa mwanawe Muheza, nikamsihi asimwoneshe mtu mwingine.

Kumbe nilijisahau. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, kila mtu ananiita Mama Ayubu, nikasahau kuwa mimi ni Mkenya. Dada Anastazia wa ofisi ya ardhi alinieleza kwa upole kwamba asiye raia hamiliki ardhi hapa kama mwenyeji. Mgeni hupewa kwa ajili ya uwekezaji, wale wenye viwanda na mahoteli. Nikamuuliza kama madera hayahesabiki kuwa kiwanda. Alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia pale kibarazani watu wakinitazama. Hebu fikiria: kutoka kwako huko Kenya hadi kwangu ni mwendo wa asubuhi moja, mkate wa kumimina ni ule ule, na mimi ni mgeni!

Sabiri akashauri nyumba iandikwe jina lake, wewe uambiwe ni yangu. Alisema kwa nia njema. Nilikataa. Yeye hawezi kuficha hata zawadi ya Idi, ungejua siku ya kwanza. Na mimi sikutaka ulale katika nyumba ya uongo. Bi Chiku naye akaanza kupokea wateja wengine, nami nikawa sili wala silali.

Sasa keti vizuri, Mama. Nyumba imenunuliwa, na si yangu wala si ya Sabiri. Ni ya mjukuu wako Ayubu. Katimiza miaka kumi na minane, ikabidi achague uraia mmoja, akauacha wa kwangu akashika wa baba yake. Sikufichi, moyo uliniuma. Nilipomuuliza mbona hata hakusita, alinijibu kwamba ana mke Vanga anayelala kwenye maji.

Wewe ndiye uliyemwita ‘mume wangu’ tangu yuko kwenye nepi, ukamnunia kila msichana aliyemsalimu. Basi mumeo ana nyumba. Anauliza ni mke gani atakayekataa kwenda kwa mumewe, majirani wote wakisikia. Sabiri naye ameapa hatavuka kizingiti bila kubisha hodi na kukaribishwa na wewe, maana humo yeye ndiye mgeni. Nami vilevile, na safari hii ugeni nimeupenda.

Ayubu anakuja Ijumaa baada ya swala, na gari la kubeba vyombo. Kanituma nikwambie kwamba haji kuomba. Lakini mimi nakuomba, Mama. Nimechoka kukuogopea kila mwezi mwandamo, bamvua likija. Njoo tuzeeke karibu.

Wasalimie majirani wote, na uwaage kabisa.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mwanaima