Sauti Yangu Haikimbizwi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingia mtandaoni rasmi! Simu mpya ya kupangusa, kioo kinang'aa mpaka mteja mmoja amejitazamia humo akajipaka mafuta ya midomo. Ukurasa nimejifungulia mwenyewe. Fundi simu wa mlango wa pili alinisaidia nusu, lakini nusu hiyo hata mimi ningeijua. Picha nimeweka ile nimesimama na kochi la ngozi la watu saba. Nimependeza, sisemi zaidi.

Mtu wa kwanza kumtafuta ni mpwa wangu, binti wa dada. Ana miaka kumi na saba, tunaishi ua mmoja: mimi mbele kwenye karakana ya makochi, wao nyuma. Nikaukuta ukurasa wake — mtupu! Picha ya mwisho ni ya mwaka juzi. Viatu. Viatu tu, bila mtu ndani.

Nikashtuka. Nikaandika palepale, kwa herufi kubwa ili zionekane: MPWA WANGU MBONA KIMYA HIVI, TULIKUPENDA SANA.

Watu wakajibu kwa fujo. Nimetia fora siku ya kwanza tu!

Jumanne, 4 Machi

Mpwa kaingia karakana amefura kama sponji lililolowa. "Anko! Watu wanampigia mama simu kumpa pole! Shangazi anauliza mazishi lini!"

Nikamwambia, sasa ukurasa mzima hauna pumzi, mimi ningejuaje? Akajaribu kununa, akashindwa, akaangukia roli za vitambaa kwa kicheko. Mbavu hana.

Halafu akanipa somo. Eti huko nilikoingia kwa mbwembwe kumebaki wazazi. "Hakuna mtu wa rika langu anayeweka kitu huko, Anko. Tulishahama zamani."

Nikamkatiza. Kuhama kwao nani anakujua kuliko mimi? Dada yake mkubwa, aliyeolewa sasa, alikuwa anakaa foleni kwenye kibanda cha intaneti ili ahesabu marafiki. Alikuwa nao elfu. Siku ya kuhamia kwa mumewe hakuja hata mmoja — godoro nilibeba mimi kichwani, na kabati juu yake, na paka ndani ya kabati. Zikaja picha: chakula kinapoa mezani, mtu anakizunguka na simu kama anakipima suti. Halafu zikaja video za kucheza. Huyuhuyu mpwa, akiwa na miaka kumi na tatu, alikuwa anarukaruka mbele ya vitambaa vyangu kutwa. Video iliyopata laiki nyingi kuliko zote ni ile niliyopita nyuma na fremu ya kochi begani. Hilo mpaka leo hajalikanusha.

Na sasa? Sasa wako sita kwenye grupu lao. Hawapigi picha, hawachezi, hata kuandika hawaandiki. Wanatumiana sauti. Mtu anaongea, mwenzake anasikiliza huku anaosha vyombo.

Nikaacha nyundo. Wanafanya nini? Wanaongea?

Nimezaliwa kwa ajili ya zama hizi!

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba aniingize. Kakataa. "Anko, grupu haliingiwi na mtu mzima. Likiingiwa linakufa, tunafungua jingine." Nikambembeleza. Nikamkumbusha alivyokuwa mdogo, anakaa juu ya sponji miguu haifiki chini, nikinyamaza tu ananivuta shati: halafu, Anko? Halafu? Simu ilipoingia nyumbani, ile "halafu" ikaondoka. Hilo la mwisho sikumwambia. Naliandika hapa.

Akalegea kidogo. Nimtumie yeye, yeye atawarushia.

Nikachagua hadithi ya maana: Nilivyomshonea Bosi Wangu Ndani ya Kochi. Ni ya kweli kabisa, kasoro sehemu chache ambazo ukweli wenyewe haukutosha. Bosi wangu, aliyenifundisha kazi, alikuwa na tabia ya kulala ndani ya fremu mchana. Na mimi nilikuwa na mkono mwepesi mno — mpaka leo siku nikichangamka pini zinaniomba zipumzike. Nikafunga sponji, nikavuta kitambaa, nikashona. Kochi likapakiwa kwenye lori kwenda kwa kigogo mmoja. Kumbe bosi yumo!

Nimerekodi sehemu ya kwanza chini ya dirisha, kwa vituo vyangu vyote. Nikanyamaza panapostahili. Ni kazi safi.

Alasiri napita uani, nasikia kuku anateta jikoni. Nikachungulia. Mpwa anamenya viazi, kuku yuko ndani ya simu.

"Nani huyo?"

"Ni wewe, Anko. Tunasikiliza kwa kasi ya mara mbili. Kila mtu anasikiliza hivyo."

Mara mbili! Unabonyeza kitu, na mimi nakimbia. Pale niliponyamaza ili msikilizaji ameze mate, hapana hata nafasi ya tone. Na viazi hajaacha kumenya. Hadithi yangu imepita kama lori la taka.

Sijala vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Mezani kwa dada. Shemeji, yaani baba yake mpwa, ni mwalimu wa hesabu. Anaongea kama anayelipia kila neno. Nimemweleza dhuluma niliyotendewa. Akafuta midomo, akasema watoto wa siku hizi hawawezi kusikiliza kitu kimoja mpaka chai ichemke. Wamevunjika shingo kwa kuhamahama. Na kwamba hata yeye, angekuwa na hicho kitufe, angekuwa ananibonyeza hapa mezani kila Jumapili.

Wote wakacheka! Dada yangu wa tumbo moja akacheka!

Nikasimama. Nikasema shemeji, hao watoto watanisikiliza kwa mwendo wangu, kituo kwa kituo, wala hakuna mtu atakayewalazimisha. Akasema thubutu. Tukapeana mikono, dada shahidi. Nikishinda, Jumapili ya wiki ijayo atasimama mbele ya meza yote aniombe hadithi, kwa kuniita "shemeji mheshimiwa". Nikishindwa, ninakula kimya mpaka mpwa aondoke kwenda chuo. Mpaka Septemba!

Kula kimya. Mimi. Wakinizika itakuwa nafuu, angalau kule wengine ndio wataongea kuhusu mimi.

Jumapili, 9 Machi

Jaribio la kwanza: niliongea polepole sana, neno leo, neno kesho, ili hata wakinikimbiza nibaki mtu. Mpwa kaja na majibu: "Anko, ukivuta hivyo watu wanaruka mbele kabisa." Kumbe kuna kuruka pia! Hawa watoto wana vitufe vingi kuliko rubani.

Shemeji leo alinipa chumvi bila kuombwa, akasema, "Zoea tu kunyoosha mkono. Huko mbele hutaweza kuomba."

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata!

Nilikuwa napiga pini kwenye kiti cha daktari wa meno. Nimechangamka, tatatatata! Mteja mlangoni akasema fundi, punguza basi, naona mkono tu, kazi siioni. Nikaganda na stepla hewani.

Punguza!

Kama mimi ninakimbia kuliko wao, watanikimbizia wapi?

Nikafunga mlango, nikanywa maji, nikavuta pumzi ya kuzama. Nikaachia sehemu ya pili. Lori limeondoka, bosi anakoroma ndani, mimi nyuma kwa baiskeli isiyo na breki — yote kwa mkupuo! Sikuweka nukta. Sikuweka koma. Ulimi ulipata moto, nakula kiapo. Enzi zangu niliwahi kutangaza mpira mchezaji akachoka kunifuata, lakini leo nimejipita.

Saa haikupita, mpwa huyo. "Anko, hakuna aliyesikia kitu! Mmoja anauliza ni lugha gani!"

"Sasa mmefanyaje?"

"Tumepunguza. Tumeweka kawaida ndiyo tukasikia."

Nikageukia kochi nisionekane meno. Nikamwambia poleni sana, ni haraka ya kazi.

Jumatano, 12 Machi

Sehemu ya tatu. Hapa ndipo penye ufundi. Nimeanza mbio, wamepunguza. Kufika katikati nikaanza kulegeza, kidogo kidogo, kama unavyolegeza springi isikurukie usoni. Kufika kwa kigogo nilikuwa kwenye mwendo wangu halisi. Vituo vyote vimerudi mahali pake.

Swali lililobaki: wakigundua, si watanikimbiza tena?

Alhamisi, 13 Machi

Hawakunikimbiza!

Jioni nimeiona kwa macho yangu. Mpwa anapiga pasi, simu iko juu ya mbao. Sauti ni yangu, nzito, ya mtu mzima mwenye akili. Nikajibanza nyuma ya pazia. Inasema: wageni wamekaa, kigogo amekaa juu ya kochi jipya, ananyanyua glasi, anataka kuhutubia... halafu nikanyamaza. Kituo kile kirefu.

Na yeye akainua pasi. Akaishikilia hewani. Kola inangoja, pasi inatoa moshi, msichana haoni kitu, anangoja mimi!

Halafu kochi likakoroma. Akapiga kelele mpaka mama yake akatoka bafuni na sabuni.

Na hapo nimekatia. Makusudi. Usiku meseji zimekuja kwa namba nisizozijua — wamejitafutia namba yangu! Anko, alitokaje? Anko, kigogo alifanya nini? Anko, usitufanyie hivyo. Sijajibu hata mmoja. Mtu akiwa na njaa humpi menyu.

Nimemwendea shemeji na ushahidi. Kichwa chake ni kigumu kama mguu wa meza: eti huenda walisahau kubonyeza, eti meseji si uthibitisho. "Nione mwenyewe. Wamekaa, wanasikiliza. Macho yangu, si mdomo wako."

Sawa.

Jumamosi, 15 Machi

Naandikia nyuma ya kabati la nyuzi, harakaharaka. Nimewaambia nakunywa maji.

Wamekuja! Wote sita! Sikuwaita, wamekuja wenyewe baada ya mchana, mpwa mbele: "Anko, tumechoka kungoja, tuambie hapahapa." Wamejaa kwenye kochi la mteja lenye mahameli, wawili kwenye mikono ya kochi, mmoja chini. Simu? Sijui ziko wapi, sijaziona mkononi mwa mtu.

Nimewapa upya kuanzia lori. Polepole. Nimenyamaza mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa, na hakuna aliyekohoa.

Mwenye kochi kaja kulichukua na mkokoteni wake. Akataka kuwainua. Yule wa chini akamwambia, "Mama, subiri kidogo, kuna mtu ndani." Akauliza ndani ya nini. Wakamweleza. Sasa kakaa kwenye pipa la gundi, pochi mapajani, msukuma mkokoteni amesimama nyuma yake. Wote wananidai mwisho.

Na shemeji yuko mlangoni! Kaja kumtafuta bintiye aende dukani. Alifungua mdomo, mpwa hakumgeukia hata, akanyoosha mkono tu nyuma: "Baba, ngoja. Umetuzibia mwanga." Amesogea. Mwalimu wa hesabu amesogea! Ameegemea ukuta, mikono kifuani, na nimemwona alivyotega sikio nilipofika kwenye mkoromo.

Shida ni moja ndogo. Mwisho wenyewe sina. Miaka yote nilikuwa naukatia kwenye mkoromo, watu wanacheka, basi. Hakuna aliyewahi kukaa akauliza alitokaje. Sijui alitokaje! Naweza kumtoa chini kwa kupasua kitambaa. Naweza kumtoa na springi, aruke mpaka kwenye taa. Naweza—

"Anko? Halafu?"

Ni yeye. Nakuja, nakuja. Nimeingia huku nyuma na bilauri tupu, maji sikunywa. Nachungulia: shemeji naye amekaa chini, ananingoja.