Lundo la Samadi la Kirushya

Mama, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Ngara, mvua inapiga bati na mbele yangu kuna sahani ya ndizi na maharage.

Leo tulimpelekea Mama Skola, mkulima wa Kirushya, majibu ya vipimo vya udongo wake. Samadi na mkojo wa ng'ombe vina homoni, naye alihofia zinafika kwenye chemchemi wanayochota maji. Dokta Imelda, mtafiti ninayefanya naye kazi, alimweleza wazi: udongo mweusi wa migombani, wenye majani yaliyooza, unazishika sana. Ule wa kichanga nyuma ya zizi, penye lundo la samadi, unaziachia mvua ikinyesha, zikateremka na maji.

"Huo wa migombani unazishika moja kwa moja?" aliuliza Mama Skola.

"Hapana, mama. Nao huachia kidogo kidogo. Ila zikikaa humo, vijidudu vya udongoni hula nyingi."

Mama Skola alijifunga kanga kiunoni. "Basi lundo linahama leo."

Majirani walikuja na machepe. Dokta naye akavua viatu, akajitwika karai la samadi hadi migombani, mbali na chemchemi. Tulimaliza tumelowa, tunanuka zizi, Mama Skola akiimba kwa Kihangaza. Niliwatazama wale wanawake wawili nikaipenda kazi yangu kuliko siku niliyohitimu.

Endelea kuukanda huo mguu unaokuuma, Mama, na shamba waachie wadogo zangu kina Baraka hadi upone. Mungu akulinde, nami nikukute unacheka.

Mwanao, Neema