Mtani wangu alinikataza matairi, nikadhani ananitania

Mpendwa Shangazi Pélagie, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku nitakayowapakia mke wangu, mama mkwe wangu na binti zangu wawili kwenye gari ambalo najua fika haliwezi kusimama kwenye mvua, na mpaka sasa ninapoandika jambo hilo tunalijua watu wawili tu, mimi na mwanamke mmoja wa Kigouro, na ningependa libaki hivyo hivyo ikiwezekana.

Naitwa Tuo, jina la kwanza naomba ulifiche, ni mwalimu wa sekondari, mkazi wa Angré hapa Abidjan, Msenufo wa Korhogo kwa baba na kwa mama. Mwishoni mwa mwezi wa tano matairi ya Toyota yangu yalikuwa yamebaki vipara, na wewe unajua mvua za mwezi wa sita hazina mzaha, basi nikaenda sokoni Adjamé kwa Irié Lou, huyo mwanamke ninayemsema, ambaye anauza matairi ya mtumba, yale tunayoyaita Kwaheri Ufaransa, kwa sababu mimi kama watu wote wenye akili zao naamini tairi lililokwisha kutembea Ulaya linalishinda jipya lililotoka kiwandani jana.

Sasa Shangazi, Msenufo na Mgouro ni watani, hilo sihitaji kukueleza. Miaka tisa nanunua kwa Irié Lou na miaka tisa hajawahi kunisalimia kama mtu. Nikitokea tu anawaambia wateja wasogee, mtumwa wake amekuja kufagia, nami namjibu kwamba babu yangu alimnunua babu yake kwa kiazi kikuu kimoja, tena kilichooza, na bado alijuta. Tunacheka, ananitafutia tairi zuri, naondoka. Siku hiyo nikaona manne yamepangwa pembeni, nene, mifereji yake imeingia ndani, uso wote umechanjwachanjwa kwa mistari midogo ya kupendeza, na ubavuni pamechorwa mlima wenye nyota katikati. Mimi ni mtu wa Korhogo, kwetu kuna mlima, nikasema haya ni yangu.

Irié Lou akayatazama, akanitazama, akasema, "Hayo acha, mtumwa wangu. Hayo ni ya watu wanaotembea juu ya theluji. Mpira wake laini, jua letu litaulainisha zaidi, na mvua ya kwanza itakulaza mtaroni."

Nikamwambia kitu chenye nyota hakiwezi kuwa kibaya.

"Hiyo si nyota, ni theluji hiyo. Wewe theluji umeiona wapi, kwenye friji?"

Watu wakaangua kicheko, naye akayasukuma yale manne chini ya benchi lake na kuapa kwamba hata nikipiga magoti haniuzii. Shangazi, nakuuliza kwa haki, mtani akikuambia kitu fulani hakikufai, wewe unaelewa nini? Mwaka jana huyu huyu alikuwa anakula nyama ya mbuzi, nikaomba kipande, akasema ina sumu, watumwa hawaiwezi, akaimaliza yote mbele yangu na mfupa akaunyonya. Kwa hiyo nilielewa kwamba yale ndiyo matairi bora kuliko yote pale Adjamé na kwamba amemwekea mtu mwingine, pengine Mgouro mwenzake. Nikasubiri Jumapili alipokwenda kanisani, nikamkuta shemeji yake dukani, mtu asiyejua habari yoyote, nikainama mwenyewe nikayavuta kutoka chini ya benchi, nikanunua, yakafungwa, nikaendesha mpaka nyumbani nikiimba.

Juma la kwanza hakukuwa na mvua na mimi nilikuwa mfalme, ingawa gari lilikuwa linayumba kidogo kwenye kona na mchana kulikuwa na harufu ya mpira ambayo nilimwambia mke wangu inatoka kwa majirani. Juma la pili ikanyesha. Nilikuwa nateremka mteremko wetu wa Angré, mama mkwe ameketi mbele na sufuria ya mchuzi wa bamia mapajani, nikakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake kama vile sijaliambia kitu, tukaacha barabara, tukapita katikati ya kibanda cha mama anayekaanga ndizi, tukaangusha mwavuli wake na kusimama hatua moja kutoka kwenye karai la mafuta ya moto. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa, lakini mchuzi wote ulikuwa kwenye kitenge cha mama mkwe, na mama mkwe ananitazama.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo linaninyima usingizi kuliko matairi yenyewe. Nilisema barabara ilikuwa na mafuta. Mama mkwe akauliza mafuta ya nani, mimi macho yakaenda kwenye karai, niliangalia tu, na ikatosha. Alishuka akamtukana yule mama mpaka mvua ikakatika, na tangu siku hiyo amewakataza watu wa mtaa mzima wasinunue ndizi kwa mwanamke anayemwaga mafuta barabarani kuua watu.

Habari ikafika Adjamé, sijui kwa njia gani. Irié Lou amemtuma shemeji yake, kisha fundi wa pancha, kisha mlinzi wa shule yetu ambaye mkewe anauza nyanya karibu naye, na wote watatu wameleta neno moja, kwamba mtumwa wangu aje, nina jambo naye. Shangazi, mimi namjua. Nikikanyaga pale atapiga sufuria soko zima likusanyike, na hadithi hii nitaisikia mpaka siku ya mazishi yangu, na kaburini pia, maana watani hawanyamazi hata msibani. Kwenda kwa muuzaji mwingine siwezi, wote wanajuana, na mke wangu atauliza kwa nini nabadilisha matairi yenye majuma matatu tu.

Na sasa amefariki mjomba wake mke wangu huko Korhogo, na mimi nikiwa mkwe lazima nipeleke nguo za kumfunika marehemu, tena kwa gari langu, mama mkwe hataki kusikia habari ya basi, na redio inasema itanyesha kuanzia Alhamisi. Je, nikiendesha polepole kabisa, nikapunguza upepo kidogo ili matairi yashike, hatutafika? Au kuna njia ya kuyabadilisha bila Mgouro yeyote kujua? Nisaidie, na usinicheke, kwa sababu kuna jambo moja sijakuambia, nalo ni kwamba somo ninalofundisha ni jiografia.

Mwalimu mwenye mashaka, Angré.

SHANGAZI PÉLAGIE ANAJIBU

Mwalimu Tuo, jina lako la kwanza nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umetaja kabila, mtaa, kazi, gari, somo na mchuzi. Kama mama mkwe wako ana jirani anayesoma gazeti hili, basi kazi ya kuungama nimekwisha kukupunguzia. Kucheka nimecheka, sitakudanganya, wewe umekwisha kudanganya vya kututosha sote. Kisha nikafika pale unapowataja binti zako wawili, kicheko kikanikauka.

Miaka yote hiyo umesimama ubaoni ukiwaeleza watoto wa watu kwamba Ulaya kuna baridi, maji yanakuwa mawe na theluji inafunika barabara. Hukujiuliza wenzetu wanatembelea nini siku hizo? Wanatembelea hayo uliyoyavuta chini ya benchi. Nimemuuliza dereva wetu hapa gazetini, mtu aliyefunga na kufungua matairi tangu wewe unavaa kaptula. Anasema mpira huo umetengenezwa uwe laini ili usigande kwenye baridi, na ile mistari midogo iliyokupendeza ni ya kung'ata theluji. Kwenye lami yetu ya moto unalegea kama ugali uliozidi maji, unalika upesi, na ukifunga breki kwenye maji gari linakwenda mbali kuliko ulivyokusudia. Hilo la kupunguza upepo ndilo baya kuliko yote. Tairi lenye upepo mdogo linachemka, na lililochemka kwenye barabara ndefu kama ya Korhogo linapasuka. Anayekushauri hivyo hakutakii mema, hata kama ni wewe mwenyewe.

Nchi ya jua na mvua inataka mpira mgumu unaovumilia joto, na mifereji mipana inayozunguka tairi zima, ili maji yapate njia ya kutoka. Mlima wenye theluji ukiuona ubavuni, usilinunue. Tafuta pia tarakimu nne zilizofungiwa pamoja: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Likiwa na zaidi ya miaka mitano liache hata kama linang'aa, maana hawa wauzaji wanajua kupaka rangi. Pinda mpira kwa vidole uone kama una nyufa. Na chukua manne yanayofanana, si mawili ya shangazi na mawili ya mjomba. Ukipata mapya yanayokufaa, chukua mapya. Kwaheri Ufaransa ni kwaheri, Mwalimu. Wenyewe hawakuyaacha bure.

Sasa tuje kwa Irié Lou, maana hapa ndipo uliponiudhi. Unasema unamjua miaka tisa. Humjui hata kidogo. Mtani anaruhusiwa kukuita mtumwa, kukunyima nyama, kuimba upuuzi kwenye msiba wako. Kitu kimoja haruhusiwi, nacho ni kuiona damu yako ikimwagika huku amekaa kimya. Aliona matairi ya kukuua, akakwambia, akayaficha, akakosa mauzo mbele ya wateja. Wewe ukamvizia akiwa kanisani. Halafu alipopata habari ya ajali, ametuma watu watatu. Nani hutuma watu watatu kwa ajili ya kicheko peke yake? Kicheko kinaweza kusubiri. Irié Lou hajui kama umekwisha kuyavua, na mvua inakuja, naye kila ikinguruma anakufikiria wewe. Atakucheka, ndiyo, tena atapiga sufuria. Ukiwa mzima utaisikia, na hiyo ni bahati.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho Jumatano alasiri shule hakuna masomo. Gari liache nyumbani, mwite fundi ayavue matairi hapo hapo uani, uyapakie kwenye teksi uende nayo Adjamé. Ukifika usijitetee. Mwambie Irié Lou, "Ulisema kweli, sikusikia," kisha nyamaza umsikilize mpaka achoke. Matairi yale yakatwe vipande mbele yako, asije mjinga wa pili akayaona mazuri. Yakikosekana mengine ya kukufaa kufikia Alhamisi, wote mnapanda basi, na mama mkwe anune dirishani. Marehemu atafunikwa na nguo zako hata kama zimefika kwa basi.

Kabla ya hayo yote, leo jioni, nenda kwa mama wa ndizi ukiwa na mama mkwe wako. Useme wewe mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wateja kama wapo, kwamba barabara haikuwa na mafuta. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha uchi wako kwa mwavuli wa mwanamke anayetafuta riziki mvuani. Mwavuli mpya umnunulie. Mke wako umwambie chakula kikiwa bado hakijaiva, ili apate muda wa kukasirika na kumaliza.

Umeniuliza pia kama unaweza kuyabadilisha bila Mgouro yeyote kujua. Umechelewa, kaka. Pélagie ni jina la ubatizo. Nyumbani Zuénoula mimi ni Djè Lou, baba Mgouro, mama Mgouro, na barua yako nimeisoma kwa sauti ofisi nzima ikiwa imeacha kazi. Ukitaka, dhani na mimi nakutania. Lakini ombi likiombwa kwa jina la utani wetu Msenufo halikatai, na hilo hukufundishwa shuleni, ulizaliwa nalo. Basi mimi Djè Lou nakuomba kwa jina hilo, mtumwa wangu: gari lile lisiwashwe tena mpaka yale manne yatoke. Binti zako nawataka wazima. Wanangu nao watahitaji watumwa.