Sungura wa Idara ya Hesabu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na umeacha kubishana nalo kila asubuhi. Barua yako imenifikia, nikacheka peke yangu niliposoma kwamba jogoo wa jirani bado anakula kwako na kwenda kuwika kwake. Mimi ni mzima wa mwili.

Umeniuliza habari za sungura uliyenipa. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Nilikueleza kwamba bosi alituletea mwalimu wa kutufundisha kushirikiana, maana sisi wa idara ya hesabu tulikuwa tukiishi kama paka na panya. Mwalimu akaagiza kila idara ifuge mnyama ofisini, kwa zamu, na mtu asifuatilie zamu ya mwenzake. Anayemchungulia mwenzake, alisema, hamwamini. Nilipokuomba sungura, uliniuliza ameajiriwa kwa kazi gani. Nikakuona mtu wa zamani.

Tulimweka katika tundu la waya kando ya mashine ya fotokopi, tukamwita Mkaguzi kwa jinsi alivyonusa kila faili. Sikufichi, alituweza. Katibu muhtasi na mtunza fedha, waliokuwa hawasalimiani tangu ule ugomvi wa feni, wakawa wanagombania kumlisha karoti. Mashine ikiunguruma, Mkaguzi alipiga miguu chini kwa nguvu, nasi tukampigia makofi tukisema anacheza ngoma. Wewe ungejua mara moja kwamba ni hofu. Mwalimu alitupiga picha, akatusifu mbele ya idara zote.

Ikaja sikukuu, ofisi ikafungwa siku tatu. Zamu ilikuwa ya katibu. Mwanawe akaugua ghafla, akamkimbiza hospitali, na katika mahangaiko yale akadhani mmoja wetu atapita tu. Sote tulikuwa na funguo. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tuliporudi, chumba kilikuwa na joto la jiko, chupa ya maji imekauka, na Mkaguzi amelala ubavu, pua kwenye waya. Katibu alilia mpaka akakaa sakafuni. Tulimtazama kwa jicho la lawama, na mimi nikiwemo.

Mama, hili sijamwambia mtu. Katikati ya mapumziko yale nilipita mbele ya ofisi, funguo mfukoni. Nilimkumbuka Mkaguzi. Nilifika hata mlangoni. Kisha nikawaza kwamba nikiingia, katibu atajua nimemchungulia, na urafiki wetu mpya utavunjika. Nikageuka, tena nikijisifu kwamba siku hizi namwamini mwenzangu. Nilitunza urafiki, nikamwacha mnyama wako na kiu. Naona aibu hata kuandika.

Kesho nitamwambia katibu mbele ya wote, maana anabeba lawama ambayo nusu yake ni yangu. Anichukie akitaka. Mwalimu naye anasema tutafute sungura mwingine, tuanze upya.

Umeandika kwamba utanitumia dada yake Mkaguzi aje amwondolee upweke. Tafadhali, usimtume. Mwache hapo kwako, ambako hadaiwi kumfundisha mtu lolote.

Nisalimie baba na majirani, hata mwenye jogoo. Ukikasirika, kasirika kwa barua; usininyamazie.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba