Mama yake Annika kanivamia dukani

Shoga uko wapi?

Darlene, mama yake Annika, kaingia dukani sasa hivi na mabuti yamejaa theluji, akanirushia kitabu kwenye kaunta. Ile riwaya ya mapenzi niliyompendekezea bintiye. Mbele ya wateja!

"Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu amwache Brody?"

MIMI? Huyo Brody simjui hata sura.

Nikamwambia, "Mama, mimi nauza vitabu, siachanishi watu."

"Nyamaza! Huna mume, huna mtoto, unafundisha watoto wa wenzio mapenzi ya kwenye karatasi!"

Huna mume, huna mtoto. Kanitamkia hivyo hivyo. Nikamwambia atoke kabla sijamtoa mimi.

Kumbe Annika alikuwa mlangoni anasikia yote. Kaja mpaka kaunta, kafungua kitabu, akamsomea mama yake pale kijana wa kwenye hadithi anapokagua simu ya mpenzi wake kila siku. Akasema, "Brody alikuwa ananifanyia hivi hivi, mama. Nilidhani ndiyo kupendwa."

Unadhani yule mama alimkumbatia?

"Kijana mzuri kama yule! Ulimuudhi nini?"

ULIMUUDHI NINI! Kwa mtoto wa kumzaa mwenyewe!

Annika kakataa kuondoka naye. Amekaa sakafuni kwenye rafu za vitabu vya vijana. Mama yake yuko nje garini, anampigia bosi wangu nifukuzwe.

Na nifukuzwe. Nimeshampigia shangazi yake Annika, yuko njiani. Darlene akirudi kabla yake, atanikuta mimi mlangoni.