Mwanasesere wa Paa la Quilmahue

Santiago, 10 Machi 1996

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kwa kukaa kitako kutwa. Goti lako linaendeleaje? Na jiko la kuni, bado linajaza moshi ndani?

Umeniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Kampuni yetu haijengi, Mama. Wanaotaka kujenga wanatuuliza jengo lisimameje. Sisi tunapiga hesabu, tunachora, tunatia sahihi. Ndiyo, tunauza ushauri, na usicheke. Wateja wamefurika. Nilipoanza tulikula chakula cha mchana sote kwenye meza moja. Sasa meza hiyo wamepewa wahandisi wapya, na sisi tunakula tumesimama ngazini. Kila Jumatatu nakuta sura nisizozijua. Juzi mmoja aliniuliza kama mimi ni mgeni!

Sasa habari yenyewe. Bosi wetu, Don Rolando, amenikabidhi ukumbi wa shule ya Quilmahue. Kwetu! Mafundi wanaanza sasa hivi, na nikitia sahihi hesabu za paa kabla ya mabati, nitakuwa mkuu wa kitengo. Ana wazo lake analolipenda kama mwanawe: mchoro mmoja wa ukumbi kwa shule za nchi nzima. Mimi najiuliza tu, ule wa kwanza ulichorwa kwa ajili ya wapi?

Binti yako,
Yasna

Quilmahue, 24 Machi 1996

Mwanangu Yasna,

Marahaba. Goti linanikumbusha umri, na moshi tumeshazoeana. Unakula vizuri huko ngazini?

Eti mnauza ushauri! Mimi nimekupa wa bure maisha yako yote na hukuutaka.

Mafundi wameshafika na wananunua mkate kwangu kila asubuhi. Nimewaambia mhandisi ni binti yangu. Fundi mkuu, Osvaldino, akanichokoza: "Mama Herminda, huyo binti yako si mkono wa birika? Maana mbao za paa zikikamilika, sisi tunataka nyama choma ya desturi."

Nikamwambia, "Mwanangu mimi? Atawachinjia kondoo mpaka mshindwe kushuka ngazi."

"Haya, tutaona. Asipochoma, unajua tunachofanya."

Najua sana. Unamkumbuka mwanasesere ambaye mafundi walimning'iniza juu ya nyumba ya Don Belarmino wa dukani kwa ubahili wake wa kuwanyima nyama? Alikaa kule juu mpaka majani yakamtoka tumboni, na mkewe akaacha kwenda kanisani kwa aibu. Usiniletee hayo. Mkate wa karamu nitaoka mimi.

Na huo mchoro, ulichorwa kwa wapi? Umeniachia swali, sasa linanisumbua.

Mama yako,
Herminda

Santiago, 15 Aprili 1996

Mama mpenzi,

Shikamoo, na salamu kwa majirani. Mimi sijambo.

Nimeupata mji. Ni Taltal, kule jangwani kaskazini, ambako mvua ni hadithi ya kuwasimulia wajukuu. Nimepekua hesabu zote. Uzito wa mabati upo, upepo upo, tetemeko lipo. Theluji hakuna. Walibadilisha jina la mji juu ya ukurasa, basi. Tena paa lenyewe ni karibu bapa, theluji haiwezi kuteleza ikaanguka. Nilimwuliza mwenzangu Patricio, akasema, "Nilidhani wewe umeangalia." Aliyemtangulia naye alidhani mwingine ameangalia. Si wajinga, Mama. Wana haraka tu, kazi zinaingia nyingi kuliko mikono.

Nisaidie. Mwaka wa ile theluji kubwa, nilipokuwa darasa la kwanza, ilijaa kiasi gani juu ya paa la shule? Usimwambie mtu kwa nini nauliza.

Binti yako,
Yasna

Quilmahue, 28 Aprili 1996

Mwanangu,

Marahaba. Nimeuliza nusu ya mji na wote wanakumbuka sawasawa. Bomba la moshi la shule lilifunikwa, halikuonekana kabisa. Marehemu baba yako na wenzake walipanda na makoleo, wakazama mpaka kiunoni.

Sijamwambia mtu kitu, lakini nimeanza kuogopa. Mbao zimepanda na zinapendeza. Karamu ni Jumamosi ya tarehe 11 Mei, kondoo wamepatikana, unga nimeshanunua. Njoo ukae meza kuu, watu wakuone. Au kuna jambo?

Mama yako,
Herminda

Santiago, 7 Mei 1996

Mama,

Shikamoo. Hakutakuwa na karamu.

Nilimpelekea Don Rolando hesabu mpya. Theluji kama ya mwaka ule ikilala juu ya paa lile, mbao zitakatika, na chini wako watoto. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema, "Yasna, mteja anangoja. Tutarekebisha kwenye shule ijayo. Tia sahihi." Nikamwuliza kama theluji nayo itangoja shule ijayo. Akasema nisipotia mimi, atatia mwingine.

Basi nimeiandikia wizara ya elimu isimamishe kazi kabla ya mabati, nayo imesimamisha. Jana nilifungasha vitu vyangu; kazi sina tena. Nilikuwa bado mlangoni, na meza yangu ilishapata mtu.

Najua unga umeshanunua. Nisamehe kwa hilo. Kwa lingine sitaomba msamaha.

Yasna wako

Santiago, 9 Juni 1996

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Hujanijibu. Hata ukitaka kunisema, nitapokea. Niandikie tu.

Yasna

Quilmahue, 30 Juni 1996

Mwanangu Yasna,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Nilikukasirikia.

Jumamosi ile mkate ulikuwa tayari. Mafundi waliula mkavu, bila nyama, kisha wakapanda juu na mwanasesere. Wamemvika suruali na miwani ya waya, wamemsuka nywele za sufu nyeusi. Ni wewe mtupu, mpaka ule mguu unaoelekea ndani. Kila siku nilipita chini yake nimeinamisha kichwa. Ningekuandikia nini?

Wiki iliyopita theluji ilianguka kutwa nzima. Osvaldino alikuwa ameezeka pembe moja kwa mabati ili kukinga mifuko ya saruji. Pembe hiyo imevunjika, na mlio wake niliusikia nikiwa jikoni. Hakuna aliyeumia. Kwingine kote, ambako ni mbao tupu, theluji ilipita katikati na kuanguka sakafuni. Mji mzima ulikuja kutazama. Tuliangalia yale mabati yaliyolala pale ambapo watoto wangekaa.

Kisha Osvaldino akaja kwangu, kofia mkononi. "Mama Herminda, niazime ngazi nikamshushe."

Nikamwambia, "Mwache huko huko. Ndiye mhandisi pekee aliyekubali kukaa juu ya paa lenu wakati wa theluji."

Alicheka, kisha akafuta macho.

Wizara inataka mchoro mpya. Mwalimu mkuu ameniuliza kama binti yangu anapokea kazi akiwa peke yake, bila kampuni. Nimesema nitakuuliza. Unapokea?

Ngazi nilimpa hata hivyo, si ya kumshusha ila ya kumvika ile kofia yako nyekundu ya sufu uliyoiacha msumarini. Amekuvalisha vizuri, mpaka masikioni. Sasa nikipita pale natazama juu na kukusalimia, na watu wote wananiona.

Mama yako,
Herminda