Kwa Bibi Aliyekataa Maji Yangu

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba kisha uulize, "We nani tena?" Ni mie, yule mwanafunzi wa uuguzi mrefu aliyejigonga kichwa kwenye stendi ya dripu, ukacheka mpaka mguu uliofanyiwa upasuaji ukauma. Binti yako wa Mwananyamala ameniambia umehamia Kipawa kwa kaka yake, nyumba ya wanaume watupu. Tangu nisikie hilo sina raha, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka ulivyonifanya mume? Kila asubuhi ulinipokea kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Mume wangu kaamka? Mbona umekonda, nyie watu wa bara hamlagi?" Nami nilijibu kwamba mpishi wangu kalala kitandani, nitakula nini. Wagonjwa wenzako walicheka. Wodi ya wanawake ilikuwa inanitia woga, na utani wako wa bibi na mjukuu ndio uliniondolea ugeni.

Lakini maji hukunywa. Kikombe nilichokuwekea asubuhi nilikikuta mchana kimejaa. Midomo ikakauka, ukaanza kuchanganya majina ya wanao, na ule mkojo kidogo uliopatikana ulikuwa na rangi ya chai. Nikaandika mpango wangu wa huduma kwa mwandiko mzuri kabisa. Tatizo: upungufu wa maji mwilini. Huduma: kumhimiza mgonjwa anywe. Mwalimu wetu akausoma, akanirudishia.

"Umeandika hanywi. Kwa nini hanywi?"

"Hana kiu, mwalimu."

"Kakwambia?"

 Nikarudi kukuhimiza mpaka nikawa kero.

Siku moja, nikimkabidhi zamu mwenzangu Neema, niligeuka nikakuona umepokea kikombe mkononi mwake, unakunywa kama mtu aliyetoka kulima. Sikufichi, Bibi, niliona wivu. Maji yale yale, ya jagi lile lile! Nilirudi nyumbani Temeke nimenuna, na hasira ilipopoa ndipo nikaanza kufikiri. Maji hayakuwa yamebadilika. Aliyebadilika ni mtu aliyeyashika, na Neema ni mwanamke.

Kesho yake nikavuta pazia, nikachuchumaa kando ya kitanda, nikakuuliza taratibu. Ulitazama ukutani kwanza.

"Mume wangu, kinachoingia si lazima kitoke? Atakibeba nani, wewe? Mie nijifunue mbele ya mtoto wa kiume, bora nikauke."

Safari hiyo hukuwa unatania. Nilisikia uchungu, kwa sababu ulikuwa unakauka kweli, na mie ndiye niliyekuwa nakuletea vikombe.

Tukaupanga upya mpango ule, wewe, mie na Neema. Chombo cha kujisaidia kikawa kazi yake na dada wengine wa zamu, pazia linafungwa kabla hujaomba. Mie nikabaki na mazoezi ya kutembea, maana lengo ulilitaja mwenyewe: uende chooni kwa miguu yako, ufunge mlango. Ukaanza kunywa. Akili ikatulia, ukarudia kunisema wembamba wangu. Na ile siku ulipofika chooni na fremu yako ya kutembelea, jasho linakutoka, ulishika kitasa ukanigeukia: "Simama hapo hapo. Nikianguka nitakuita." Nilisimama, nimeupa mlango mgongo, nimefurahi kuliko siku niliyopokea barua ya kujiunga na chuo.

Sasa nimehitimu, Bibi, na wanafunzi wananifuata mimi. Juzi binti mmoja aliandika kwamba mzee fulani hatoi ushirikiano, kila akija kumwogesha anajifanya amelala. Nikamuuliza, "Akija nani huwa macho?" Alifikiri kidogo, akaenda kumwita mwanafunzi wa kiume. Mzee alioga, tena huku anaimba.

Ila nyumba ya Kipawa inanitia wasiwasi. Mwanao anakupenda, nilimwona akilia koridoni siku ya upasuaji. Yeye na wanawe watakuwekea maji kwa mapenzi yote, na watadhani huna kiu, kama nilivyodhani mimi niliyesomea. Usingoje wagundue wenyewe. Sema, Bibi. Muombeni mama wa jirani, au binti yako aje, mpate mtu usiyemwonea haya, na wanaume wabaki na kazi ya kukushika mkono mpaka mlangoni. Wahenga walisema mwenye haya hazai, na wewe umezaa jeshi zima, kwa hiyo haya hizo za uzeeni sizielewi.

Nakuombea miguu yenye nguvu na usingizi mwema. Na kama anayekusomea barua hii ni mjukuu wa kiume, mahali hapa asome kwa sauti, kisha akuangalie usoni: mjukuu mwenzangu, bibi yako ana kiu.

Nakubusu mkono,

Mjukuu wako wa wodini